Nyimbo 2,000 kwa Sh 3,000: hela hii ni yangu?

Shikamoo dada,

Nina miaka 26, nina kibanda karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kazi yangu ni kuingiza nyimbo. Mteja analeta flashi au memori kadi, anataja anachotaka, iwe singeli, bongo fleva, taarabu, kwaya au zilipendwa, nami namjazia kutoka kwenye kompyuta. Wimbo mmoja Sh 100. Flashi ya GB 4 nzima Sh 2,000, ya GB 8 Sh 3,000. Wateja wangu wakubwa ni bodaboda wenye redio kwenye pikipiki, kina mama wa genge, na watu wa mashambani ambao sabufa zao zinasoma flashi tu.

Nyimbo nazipata sehemu tatu: tovuti za kupakua bure, video za YouTube ninazozigeuza MP3, na flashi za wateja wenyewe. Mtu akija na kitu kipya nanakili kwanza, ndipo namrudishia.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa hapa mjini, anaimba singeli, alinunua flashi ya mchanganyiko kama mteja mwingine. Kesho yake akarudi. Akasema wimbo wa saba ni wake, na studio alilipia Sh 80,000 za kukopa. Hakutukana wala hakunitishia polisi. Aliuliza tu, “Kwenye hiyo elfu tatu, mimi nimo?” Nikakosa la kusema.

Tangu siku hiyo nabishana na nafsi yangu. Nikisema nimeiba, nimeiba nini, na wimbo wake bado anao? Nyimbo zenyewe zimejaa mtandaoni bure. Mimi nauza umeme wangu, bando langu na muda wangu. Wasanii wanakula kwenye shoo, na mimi nawapeleka jina mpaka Kilosa na Ifakara bila kuwadai. Wengine ni marehemu. Kuna mama kila mwezi anataka nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Hapo nimlipe nani?

Nina mke na mtoto, na kodi ya kibanda ni Sh 40,000 kwa mwezi. Niambie ukweli, na kama natakiwa kuacha, niambie naachaje bila kufunga.

Muuza nyimbo, Morogoro

*

Marahaba mdogo wangu.

Kijana alikuuliza swali la hesabu, basi tulipigie hesabu. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unachukua karibu MB 3.8. Flashi ya GB 8 inabeba nyimbo za namna hiyo kama 2,000. Gawa Sh 3,000 kwa 2,000: shilingi moja na nusu kwa wimbo. Yeye hayumo kabisa, na hata ungemkabidhi fungu la wimbo wake lote bila kubakiza, angeondoka na shilingi moja na nusu. Kwangu hilo ndilo baya kuliko yote uliyoeleza. Bei yako ya flashi nzima imeuzoesha mji kwamba wimbo haufiki shilingi mbili. Siku kijana huyo akisimama na flashi yake mwenyewe akataka Sh 500 kwa wimbo, watu watamwona yeye ndiye mnyang'anyi.

Unasema unauza umeme, bando na muda. Jipime hivi. Mteja akija na picha za harusi zake, GB 8, anataka umhamishie kutoka simu kwenda kwenye flashi, unamtoza ngapi? Flashi za bei rahisi huandika karibu MB 5 kwa sekunde, kwa hiyo GB 8 ni nusu saa hivi, ziwe picha au nyimbo. Nadhani utamwambia Sh 500, akiwa mgeni Sh 1,000. Hiyo ndiyo bei ya umeme wako na muda wako. Ile Sh 2,000 au 2,500 inayozidi mteja anailipa kwa sababu ya kilichomo ndani, na kilichomo ndani hukukitengeneza wewe.

Kwenye neno wizi nakubaliana na wewe nusu. Aliyeibiwa kuku hana kuku. Aliyenakiliwa wimbo bado anao. Tena si kweli kwamba kila nakala ni mauzo yaliyopotea, kwa sababu bodaboda anayebeba nyimbo 2,000 asingenunua hata 20 kwa bei ya dukani. Wanaopiga hesabu ya hasara kwa kuzidisha nakala zote kwa bei kamili wanatia chumvi. Ila hoja hiyo inamfaa zaidi yule bodaboda kuliko wewe. Yeye alikuwa anatafuta kitu cha kusikiliza njiani. Wewe hela imeingia mfukoni, kila siku, kwa kazi ya mtu aliyenyimwa hata nafasi ya kusema bei yake. Kwako hasara si ya kukisia, iko kwenye droo.

Sheria nayo inaona hivyo hivyo. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Haki inaanza pale pale kazi ya sanaa inapoundwa. Msanii hahitaji kusajili ndipo awe na haki, ingawa kusajili kunamsaidia kuthibitisha. Sheria inaachia nafasi mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi. Kunakili ili uuze ni jambo jingine, na ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani kwa faini au kifungo. Utasikia pia kwamba ukinunua flashi umeshalipia kila kitu, kwa sababu Tanzania iliingiza tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodia na kunakili kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Ujerumani ilianza utaratibu wa namna hiyo tangu 1965. Tozo hiyo ni fidia kwa nakala za watu majumbani. Haikupi kibali cha kufungua duka.

Jambo ambalo watu wengi wa biashara yako hawalijui ni kwamba kwenye wimbo mmoja kuna wenyewe zaidi ya mmoja. Yupo mtunzi wa maneno na sauti. Wapo walioimba na kupiga vyombo. Yupo mwenye rekodi, yaani aliyegharamia na kumiliki ile sauti iliyonaswa studio. Anaweza kuwa msanii mwenyewe, prodyuza au kampuni. Ndiyo maana hoja ya shoo inavuja. Shoo inamlipa anayepanda jukwaani. Mtunzi aliyemwandikia mwenzake wimbo hapandi, mpiga gitaa wa studio hapandi, na kwaya ya kanisani haina shoo ya kiingilio kila wiki. Na hata huyo anayepanda, mialiko siku hizi inatokana na namba: waandaaji wanaangalia wimbo umesikilizwa mara ngapi kwenye Boomplay, Audiomack, Spotify au YouTube. Wimbo ukipigwa mara elfu kwenye sabufa za Ifakara kutoka kwenye flashi zako, hauhesabiki popote. Umempeleka jina, kweli, lakini jina lisiloacha alama.

“Ziko bure mtandaoni” inategemea nani aliziweka. Wasanii wengi wa Bongo wenyewe huzigawa nyimbo kwa madijei na tovuti ili zisambae, na kuzipakua hizo ukasikiliza si kosa. Lakini aliyekukaribisha uonje hajakukaribisha upange meza. Tovuti nyingine huzichukua kwingine bila kumuuliza mtu, na utaitambua kirahisi: fungua taarifa za faili, utakuta sehemu ya jina la msanii imefutwa, pamewekwa anwani ya tovuti.

Kwenye zile za YouTube kuna pia suala la ubora. Sauti ya YouTube tayari imebanwa, mara nyingi kwa kiasi cha kilobiti 128 kwa sekunde. Programu ya kugeuza ikikuandikia “MP3 320” inaibana mara ya pili ndani ya faili kubwa zaidi: MB 9.6 badala ya 3.8 kwa wimbo wa dakika nne, na hakuna kilichoongezeka. Kilichokatwa mwanzoni hakirudi. Kwenye simu hutasikia tofauti. Kwenye sabufa ukiongeza sauti, matoazi yanakuwa kama maji yanamwagika. Unamuuzia mteja kitu chenye kasoro na lawama inamwendea msanii.

Sasa mama wa Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, ikihesabiwa mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2029, na wenye haki ni warithi wake au waliohamishiwa haki hizo. Rekodi yenyewe inahesabiwa peke yake, miaka 50, na ndiyo maana santuri ya zamani inaweza kuwa imetoka kwenye ulinzi kama rekodi huku tungo iliyomo bado ina mwenyewe. Marijani Rajab, mwingine wa zilipendwa, alifariki 1995. Tungo zake zinafika mwisho wa 2045. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay 1928 na akafariki 1950, kwa hiyo santuri zake zimeshapita muda. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA, usije ukachanganya na ya Bara. Mtu akiuimba upya leo wimbo wa zamani, rekodi hiyo mpya ni yake na muda wake unaanza upya. “Marehemu” si sawa na “hauna mwenyewe”. Mama huyo akinunua vocha ya intaneti, atakuta nyimbo nyingi za Mbaraka kwenye majukwaa ya mtandaoni yanayolipa, na kumwekea hizo kwenye simu ni kazi halali ya kibanda chako.

Nakuja kwenye kuacha bila kufunga. Usizime siku moja. Kodi ya Sh 40,000 haitakusubiri. Anza na kinachouma zaidi na kilicho rahisi zaidi: acha leo kunakili flashi za wateja kimya kimya. Hilo halihitaji hata sheria ya hakimiliki. Mtu amekukabidhi mali yake, huenda na picha za watoto wake zimo humo.

Kisha wanamuziki wa mjini kwako. Tayarisha karatasi moja ya makubaliano, isizidi ukurasa: majina ya nyimbo, nani alitunga, nani aliimba, biti (mdundo) ni ya nani, bei ya kuuzia, fungu la msanii, muda (miezi sita inatosha kuanzia), siku ya malipo, saini na namba za simu. Hapo kwenye biti ndipo makubaliano mengi yanapovunjika. Singeli na bongo fleva nyingi hutengenezwa juu ya biti ya prodyuza, na kama hawakuandikiana, msanii anakupa ruhusa ya kitu ambacho nusu si chake. Mwite prodyuza naye atie saini. Msanii aliye chini ya lebo hawezi kukuruhusu yeye mwenyewe. Kwaya ndiyo soko lako zuri, na pale usikubali saini ya mwimbaji mmoja; chukua ya mwenyekiti na ya mwalimu wa kwaya, pamoja na aliyetunga kama ni mtu wa nje.

Flashi ya nyimbo 20 za Morogoro kwa Sh 3,000 ni Sh 150 kwa wimbo. Mpe msanii 100, wewe baki na 50. Kwenye flashi moja unabakiwa na Sh 1,000, ambayo ndiyo ile bei ya kazi yako tuliyoiona kwenye picha za harusi. Daftari liwe na safu nne: tarehe, flashi, nyimbo, fungu la kila mmoja. Lipa kwa simu kila mwisho wa mwezi hata kama ni Sh 1,400, na ujumbe wa muamala ndio risiti yako. Ukikusanya ya miezi mitatu utaila. Wengi wameanguka hapo. Faili ziwe za kilobiti 256 au 320 zilizotolewa na studio, na ujaze taarifa zake zote: wimbo, msanii, mtunzi, mwaka. Redio za bei rahisi hazisomi kila kitu, kwa hiyo fomati flashi kwa mfumo wa faili wa FAT32 na tumia MP3. Anza jina la faili na namba, 01, 02, 03, vinginevyo utasikia malalamiko kwamba mpangilio umevurugika.

Kazi ya pili ni kuhamisha kanda za kaseti kuziingiza kwenye kompyuta. Morogoro nzima ina kanda kwenye makabati: harusi, kaswida, mahubiri, sauti za wazee waliokwisha ondoka. Hapo hela ipo na hakuna wa kukudai. Unahitaji deki ya kaseti iliyo nzima, waya wa kutoka kwenye tundu la “line out” kwenda “line in” ya kompyuta, na programu ya Audacity, ambayo ni bure. Usichomeke kwenye tundu la maikrofoni. Linapokea ishara ndogo, sauti itapasuka na mara nyingi itakuwa ya upande mmoja. Safisha kichwa cha deki na roli yake kwa spiriti safi ya asilimia 90 na kuendelea kabla ya kila kanda tatu au nne. Sauti ikiwa imezibwa kama mtu anaongea nyuma ya pazia, na kichwa umeshakisafisha, skrubu ndogo ya pembeni ya kichwa imekaa vibaya. Izungushe kidogo kidogo huku unasikiliza mpaka “s” na matoazi yafunguke. Sauti ikiyumba, mkanda wa mpira ndani ya deki umelegea, ubadilishe. Rekodi kwa herzi 44,100, biti 16, na vilele, yaani sauti inapopanda juu kabisa, visipite −6 dB. Kanda ya dakika 60 itakula kama MB 635, na inachukua dakika 60 kamili. Hakuna njia ya mkato, kwa hiyo weka bei inayolingana na saa nzima ya deki yako. Kanda ya dukani aliyoinunua mteja unaweza kumgeuzia kwa matumizi yake, ila nakala iwe moja, iende kwake pamoja na kanda yake, na kwenye kompyuta yako isibaki.

Ya tatu ni kuwaandaa wasanii kuingia kwenye majukwaa ya mtandaoni. Wengi wanakwama kwenye vitu vidogo: wanapeleka MP3 badala ya WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, au picha ya jalada ina namba ya simu na nembo za mitandao, inakataliwa. Majukwaa yanataka picha ya mraba, kawaida pikseli 3,000 kwa 3,000, na kila rekodi ipewe namba yake ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, ISRC, ambayo wasambazaji wengi, yaani kampuni zinazopeleka nyimbo kwenye majukwaa hayo, hutoa bila malipo ya ziada. Hiyo namba ndiyo inayofanya usikilizwaji wake uhesabike. Kijana wako wa singeli ni mteja wa kwanza. Mfanyie bure.

Wenye simu janja wafundishe kuhifadhi nyimbo ndani ya programu kwa kutumia intaneti ya kibanda, uwatoze bando na muda. Waambie mapema kwamba nyimbo hizo hazihamishiki kwenye flashi, na kwamba Spotify ya kulipia inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafunga. Mwenye kitochi au sabufa hatafaidika na hili. Huyo ndiye wa flashi za wanamuziki wa mjini na za kwaya. Spika unayoweka nje ya kibanda kuvutia watu nayo ni kupiga muziki hadharani; ulizia utaratibu wa kibali COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, kabla hawajakuulizia wao.

Jirani yako ataendelea kuuza GB 8 kwa elfu tatu, na wateja wengine watahamia kwake. Hilo sitakuficha. Miezi miwili mitatu ya mwanzo itakuwa mikavu, kwa hiyo anza kutangaza kanda kabla hujafunga diski ya zamani, halafu punguza aina moja baada ya nyingine. Anza na wanamuziki wa Morogoro, kwa sababu hao unawajua kwa sura.

Hela za nyuma huwezi kuzihesabu, hukuandika. Ya yule kijana unaweza. Kumbuka kwa haki wimbo wake ulikaa kwenye mchanganyiko kwa miezi mingapi na ulitoa flashi ngapi kwa wiki. Kama ni flashi 10 kwa wiki kwa miezi minne, ni kama 170. Kwa fungu la Sh 100 hiyo ni Sh 17,000. Mpelekee pamoja na karatasi ya makubaliano na kalamu, mwambie nani wengine unataka kuwaona, na umuulize biti ya wimbo wa saba ilitengenezwa na nani.